Wanakutana kwa nani?

Saa nane usiku, Jumapili kuamkia Jumatatu, simu iliita mara tatu kabla sijaishika. Aliyepiga alikuwa mlinzi mkuu wa ghala moja la mizigo hapa Dar es Salaam, ghala ambalo mfumo wake wa zamu niliuandika mimi. Malori 11 yamepanga foleni getini, akasema, na kwenye mizani hakuna mtu. Kwenye ratiba jina lipo, ila mwenye jina aliacha kazi wiki mbili nyuma.

Nilifungua kompyuta nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda. Kumbukumbu za mfumo zilieleza yote. Ijumaa mchana mpima mizani mmoja aliomba kubadilishana zamu na mwenzake. Utaratibu wa pale ni kwamba ombi kama hilo linakwenda kwa msimamizi wa karibu zaidi aliye juu ya wote wawili. Mfumo ukamtafuta msimamizi huyo, ukampata, ukampelekea ombi, naye akalikubali dakika ile ile. Msimamizi aliyepatikana ni mwombaji mwenyewe. Yule aliyeombwa alikuwa ameshaondolewa kwenye mti wa uongozi, yaani mpangilio wa nani yuko chini ya nani, siku alipoacha kazi, lakini jina lake lilibaki kwenye orodha ya kuchagulia.

Kijana hakufanya hila yoyote. Alipata ujumbe wa "Una ombi la kuidhinisha", akabonyeza kama anavyobonyeza kila siku. Kosa lilikuwa langu, na lilijificha ndani ya mistari michache ya msimbo ambayo nimeipenda tangu nikiwa chuoni. Nataka kuieleza mistari hiyo, uzuri wake uko wapi, na ni mahali gani hasa inanyamaza pale inapotakiwa kusema.

Swali lenyewe ni hili. Una mti, na kila kituo kwenye mti huo huitwa nodi. Juu kuna nodi moja, mzizi, na kila nodi ina watoto wasiozidi wawili, wa kushoto na wa kulia. Unapewa nodi mbili. Panda kutoka kwa kila moja kuelekea mzizini, njia zao zitaungana mahali fulani. Ile nodi ya kwanza kabisa inayowaunganisha ndiyo inayotafutwa. Nimeshaona watu wakiita "mhenga wa pamoja wa chini kabisa", na sijawahi kulipenda jina hilo. Wahenga kwetu ni wa methali, na "chini kabisa" inamfanya msomaji afikirie hadhi. Kwetu Tanga swali hili lina maneno yake tayari. Watu wawili wakigundua kwamba ni ndugu lakini hawajui undugu uko wapi, tunauliza: wanakutana kwa nani? Kwa hiyo mimi nasema makutano, na nitaendelea kusema hivyo.

Chukua kalamu uchore. Juu andika 50. Chini yake kushoto 30, kulia 70. Chini ya 30 weka 20 na 40. Chini ya 70 weka 60 na 80. Chini ya 40 weka 35 na 45. Sasa, 35 na 45 wanakutana kwa 40. 20 na 45 wanakutana kwa 30. 35 na 80 hawana budi kupanda hadi 50. Je, 30 na 45? Wanakutana kwa 30 mwenyewe, maana katika somo hili nodi huhesabiwa kuwa mzazi wa nafsi yake pia. Wengi hulipita jambo hilo haraka. Mimi ndilo lililoniamsha saa nane usiku.

Mti huo nimeupanga makusudi: kila kilicho kushoto ni kidogo, kila kilicho kulia ni kikubwa. Ukipangwa hivyo kazi ni nyepesi mno. Simama mzizini. Zote mbili ni ndogo kuliko nodi uliyosimama? Shuka kushoto. Zote ni kubwa? Shuka kulia. Zikigawanyika, au ukijikuta umesimama juu ya mojawapo, umefika. Ni kama abiria wawili wanaotoka Dar es Salaam kwa basi moja, mmoja wa Tanga na mwingine wa Moshi. Chalinze watapita pamoja, na watakuwa pamoja mpaka Segera. Hapo wa Tanga anakata kulia na wa Moshi anaendelea mbele. Segera ndiyo makutano yao. Wangekuwa wa Tanga na wa Morogoro, wangeachana Chalinze. Hakuna haja ya kuikagua nchi nzima, kwa sababu kila njia panda ina kibao.

Shida huanza pale mti usipokuwa na vibao. Mti wa uongozi wa ghala haukupangwa kwa ukubwa wa namba. Ni majina tu yaliyo chini ya majina. Ukisimama juu huwezi kujua fulani yuko upande gani mpaka uulize. Na hapo ndipo inapoingia funksheni hii, kipande cha msimbo kinachopewa vitu na kurudisha jibu, ambayo hata usiku ule nilipokuwa nayo hasira bado niliona ni nzuri:

    def makutano(nodi, a, b):
        if nodi is None or nodi is a or nodi is b:
            return nodi
        kushoto = makutano(nodi.kushoto, a, b)
        kulia = makutano(nodi.kulia, a, b)
        if kushoto and kulia:
            return nodi
        return kushoto or kulia

Ya ghalani ilikuwa inazunguka watoto wengi badala ya wawili, lakini mwendo wake ni huu huu.

Isome kama mtu anayetuma watoto wake wawili shambani. Kila nodi inawauliza watoto: mmemwona yeyote kati ya hawa wawili? Kisha inakaa kusubiri. Majani, yaani nodi zisizo na watoto, yanajibu kwanza, na majibu yanapanda. Tuifuate kwa 20 na 45. Mzizi 50 unauliza 30. Nayo 30 inauliza 20, na 20 inasema "mimi hapa" bila hata kutazama chini yake. Kisha 30 inauliza 40. Nayo 40 inauliza 35, hakuna kitu. Inauliza 45, "mimi hapa". Basi 40 imepata jibu la upande mmoja, inalipeleka juu kama lilivyo. Sasa 30 ina majibu mawili, moja kutoka kila upande, na hapo inajua: wanakutana kwangu. Inapeleka jina lake. Mzizi unauliza na upande wa 70, unaambiwa hakuna, unachukua jibu pekee ulilonalo na kulitoa: 30.

Rudi kidogo utazame 40 na 50. Zote zimepokea jibu kutoka upande mmoja tu, na zote zimefanya kitu kile kile, zimelipeleka juu. Lakini 40 ilikuwa imebeba habari ya mmoja aliyeonekana, na 50 ilikuwa imebeba makutano yenyewe. Ndani ya msimbo hakuna kinachotofautisha habari hizo mbili. Neno moja limebebeshwa maana mbili, "nimemwona mmoja wao" na "nimepata wanapokutana", na aliye juu anaachiwa akisie. Ndiyo maana funksheni ni fupi hivyo. Na inakisia sawasawa kila mara, kwa sharti moja ambalo halijaandikwa popote ndani yake: wote wawili wawe wamo mtini.

Wa ghalani hakuwamo. Mwombaji alionekana, mwenzake hakuonekana popote, na jibu la upande mmoja likapanda ngazi kwa ngazi mpaka juu likiwa bado lina maana ya "nimemwona mmoja". Lilipotoka nje likasomwa kama makutano. Na kwa kuwa nodi ni mzazi wa nafsi yake, hakuna aliyestuka kuona mtu amekuwa msimamizi wake mwenyewe.

Marekebisho niliyafanya kabla ya jua kuchomoza. Kila nodi irudishe vitu viwili: nodi, na hesabu ya walioonekana, 0, 1 au 2. Makutano hayakubaliki mpaka hesabu ifike 2. Ule mkato wa mstari wa pili ukabidi uondoke, kwa sababu nodi inayojitambua kuwa ni mmoja wa wanaotafutwa haiwezi tena kusema "mimi hapa" na kunyamaza. Lazima iulize watoto wake kwanza, mwenzake anaweza kuwa chini yake. Bado likabaki la pili, msimamizi anayebadilishana zamu na mtu wa chini yake. Hapo makutano ni huyo msimamizi, na hisabati haina kosa lolote. Ofisi ndiyo inayotaka kitu kingine, mtu aliye juu ya wote na asiye mmoja wao. Nikaongeza hatua moja ya kupanda.

Malori yakaanza kupimwa saa kumi na mbili asubuhi. Niliomba radhi, wakaipokea, na mambo yangeishia hapo kama nisingeenda Tanga mwezi uliofuata.

Nilikwenda kwenye matanga. Siku ya tatu akaingia kijana kutoka Mombasa ambaye hakuna aliyemjua, akavua viatu, akapita akisalimia mpaka alipoketi bibi yangu kwenye jamvi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa nani?"

Akamtaja baba yake. Bibi akatikisa kichwa. "Na baba yake?" Akamtaja. Bibi akatazama pembeni kidogo, hapana. "Na baba wa huyo?" Jina la tatu lilimfanya akunje uso, lakini jina hilo Pangani lilikuwa kila nyumba, hakutaka kulishika. "Endelea." Kijana akataja la nne, na bibi akaweka kikombe chini.

"Fundi majahazi? Aliyekuwa na karakana mdomoni mwa mto?"

"Ndiye huyo bibi."

"Huyo ndiye aliyemzaa baba yangu." Akamshika mkono. "Babu yako na mimi ni watoto wa ndugu wawili. Wewe ni mjukuu wangu, na huyu hapa," akanionyesha mimi, "ni nduguyo."

Kijana ni kilembwe wa fundi majahazi, bibi ni mjukuu wa fundi yule yule. Wote waliokaa karibu waliguswa na undugu. Mimi niliguswa nao, na pia niliguswa na jinsi bibi alivyoupata. Hakuanza na mzizi. Hakumwambia kijana: tuanze na babu wa mababu, tushuke nyumba hadi nyumba, tumwulize kila mtu wa pwani kama amekuona. Nasaba yake mwenyewe alikuwa nayo kichwani, imekaa tayari. Akamwacha mgeni apande jina kwa jina, na kila jina analipima na yale aliyonayo. La kwanza kugonga ndilo makutano, na hawakupanda hata hatua moja zaidi. Katika msimbo ungesema: weka wazazi wote wa a, pamoja na a mwenyewe, ndani ya seti, yaani mkusanyiko mmoja, kisha panda kutoka b mpaka uguse kilichomo.

Nilikaa pale nikikumbuka kanzidata ya ghala. Kila mfanyakazi alikuwa na kisanduku cha namba ya msimamizi wake. Yaani mti ulikuwa umehifadhiwa kwa kupanda tangu mwanzo! Mimi niliupindua kwanza, nikaujenga kwa kushuka, kisha nikatuma swali kutoka juu likawapitie watu wote, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo swali linavyoulizwa kwenye usaili wa kazi, ambako kwa kawaida nodi inajua watoto wake tu na haimjui mzazi. Njia ya bibi inagusa majina yaliyo kwenye njia mbili tu, hata ukoo ukiwa na maelfu. Na jambo lililonigusa zaidi: njia ya bibi haiwezi kufanya kosa langu. Mgeni akimaliza majina yake yote bila moja kugonga, jibu ni "hatujakutana". Hakuna mlango ambao mgeni angepitia akatokea kuwa babu yake mwenyewe. Nilibadilisha mfumo wa ghala wiki ile ile, ukawa unapanda.

Kama kumbukumbu ni haba na huwezi kuweka seti, kuna njia mbili za kupanda mikono mitupu. Ya kwanza ni kuhesabu kina, yaani hatua ngapi kutoka mzizini: aliye chini zaidi apande kwanza mpaka walingane, kisha wapande pamoja hatua kwa hatua. Ya pili napenda kuwaonyesha vijana ninaowafundisha, maana huwa hawaamini mpaka wahesabu kwa vidole. Kila mmoja apande hadi mzizini, na akiishiwa njia aanzie pale alipoanzia mwenzake. Kwenye mti wetu, anayeanza 45 anapita 45, 40, 30, 50, kisha anarukia 20, halafu 30. Anayeanza 20 anapita 20, 30, 50, kisha anarukia 45, 40, 30. Hatua ya sita, wote wako 30. Kila mmoja ametembea njia yake na njia ya mwenzake, kwa hiyo urefu umelingana wenyewe bila mtu kuupima.

Na kuna mti mmoja ambao hauhitaji hata vielekezi vya kuonyesha nani ni mzazi wa nani, ule uliojaa na kupewa namba kwa mpangilio: mzizi 1, watoto wake 2 na 3, wa chini yao 4 hadi 7, na kuendelea. Watoto wa k ni 2k na 2k+1, na mzazi wa yeyote ni nusu yake, ukitupa baki. Makutano ya 9 na 11? Gawa aliye mkubwa kila mara: 11 inakuwa 5, 9 inakuwa 4, 5 inakuwa 2, 4 inakuwa 2. Wamekutana kwa 2. Sasa ziandike kwa namba za sifuri na moja: 9 ni 1001, 11 ni 1011. Mwanzo unaofanana ni 10, na 10 ni 2. Namba ya nodi ni safari yake kutoka mzizini: 1 ya mwanzo ni mzizi wenyewe, baada ya hapo kila 0 ni kushoto na kila 1 ni kulia, na makutano ni kipande cha safari walichotembea pamoja. Namba hizi tunazitumia tangu J. W. J. Williams alipoeleza upangaji wake wa data mwaka 1964, lakini wana nasaba walizitangulia kompyuta kwa karne nyingi. Mwaka 1590 huko Köln, Michaël Eytzinger alichapisha nasaba za wakuu wa Ulaya akizipa namba hizo hizo: mtu mwenyewe 1, baba yake 2, mama yake 3, baba wa k ni 2k na mama 2k+1. Mti wake unaelekea upande mwingine, kwa wazazi badala ya watoto, ila hesabu ni moja.

Hadi hapa nimezungumzia swali moja linaloulizwa mara moja. Maswali yakiwa milioni juu ya mti uleule, mambo hubadilika, na hapa ndipo somo lina utajiri ambao sikuambiwa chuoni. Mwaka 1973 Alfred Aho, John Hopcroft na Jeffrey Ullman waliliweka tatizo hili mezani kama tatizo la kujitegemea. Mwaka 1984 Dov Harel na Robert Tarjan wakaonyesha kwamba ukiuandaa mti kwanza, kwa kazi inayolingana na ukubwa wake tu, kila swali baada ya hapo linajibiwa kwa muda usiobadilika, uwe mti wa nodi mia au mia milioni. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Ila njia yao ilikuwa ngumu kuiandika, na hata baada ya Baruch Schieber na Uzi Vishkin kuirahisisha mwaka 1988, watu wengi wa kazi waliichukulia kama kitu cha kusoma, wakabaki na njia zao za kawaida.

Mlango uliofunguka ni matembezi. Uzunguke mti wote kwa mguu kuanzia mzizini, ukishuka kwa kila mtoto na kurudi, na kila unapopita nodi andika jina lake, hata kama uliliandika tayari. Huitwa matembezi ya Euler, kwa heshima ya Leonhard Euler aliyechambua madaraja ya Königsberg mwaka 1736. Mti wetu unatoa hivi: 50, 30, 20, 30, 40, 35, 40, 45, 40, 30, 50, 70, 60, 70, 80, 70, 50. Nodi 9, maandishi 17. Chini ya kila jina andika kina chake: 0, 1, 2, 1, 2, 3, 2, 3, 2, 1, 0, 1, 2, 1, 2, 1, 0. Sasa nitafutie makutano ya 20 na 45. Tafuta 20 inapotajwa mara ya kwanza, tafuta 45 inapotajwa mara ya kwanza, tazama vina vilivyo katikati: 2, 1, 2, 3, 2, 3. Kidogo kuliko vyote ni 1, na juu yake limeandikwa 30.

Nilipoiona mara ya kwanza niliinuka kitini. Huwezi kutembea kutoka 20 hadi 45 bila kupita wanapokutana, na huwezi kupanda juu ya hapo kabla ya kumaliza kila kilicho chini yake. Kwa hiyo mti umelala chini ukawa mstari, na swali la undugu limekuwa swali la kutafuta namba ndogo kuliko zote kati ya sehemu mbili za mstari. Hilo la pili tunajua kulijibu. Andaa majedwali ya vipande vya urefu wa 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa kuongeza maradufu, kila kimoja na namba yake ndogo kabisa. Ukiulizwa kipande chochote, chukua viwili vya urefu mmoja vinavyokifunika, hata vikipandana katikati. Kupandana hakuharibu kitu, maana ndogo kabisa haibadiliki ukiihesabu mara mbili. Mti wa nodi milioni 1 unatoa mstari wa 1,999,999, safu 21 za jedwali, karibu visanduku milioni 40. Ni vingi, lakini vinaingia kwenye kompyuta ndogo ya mezani, na kila swali linajibiwa kwa kutazama visanduku viwili.

Mwaka 2000 Michael Bender na Martín Farach-Colton walichukua wazo lililokuwa limeandikwa kwa ajili ya kompyuta nyingi zinazofanya kazi sambamba, wakaliondolea usambamba huo, wakabaki na kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukiandika. Waliegemea jambo unaloweza kuliona kwa macho kwenye vina vile hapo juu: kila namba inatofautiana na jirani yake kwa 1 tu, kupanda au kushuka. Ukikata mstari vipande vya namba 10, kila kipande kina hatua 9, na kila hatua ina njia mbili, basi maumbo yote yanayowezekana ni 512. Vipande viwe laki mbili, maumbo yake hayazidi 512! Jibu maumbo hayo mara moja, mengine yote ni kurejea. Visanduku milioni 40 vinashuka hadi kiasi kinacholingana na mti wenyewe. Nawashukuru sana watu wale kwa kukataa kuamini kwamba jambo zuri lazima liwe gumu.

Sina mti wa nodi milioni kazini kwangu. Lakini makutano nayatumia kila siku, na wewe msomaji ukiwa mwandishi wa programu unayatumia pia. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, ikitaka kuunganisha matawi mawili, yaani njia mbili za mabadiliko, hutafuta kwanza yalipoachana. Inalinganisha kila upande na hapo, ndipo ijue nani amebadilisha nini. Bila makutano ingeona mistari miwili tofauti na isingejua upi ni wa zamani.

Ila historia ya Git si mti. Rekodi inayozaliwa na muunganisho ina wazazi wawili, na matawi mawili yakishaunganishwa huku na huku, unaweza kupata makutano mawili ya karibu ambayo hakuna lililo juu ya mwenzake. Swali la "wanakutana kwa nani" linakuwa na majibu mawili ya haki. Git haichagui moja kwa bahati: huyaunganisha makutano yenyewe kwanza, ikatengeneza babu wa kufikirika, ndipo iendelee. Hata mfano wangu wa mabasi una tundu hilo. Tangu barabara ya Bagamoyo hadi Msata ilipowekwa lami, basi la Tanga linaweza kufika Segera bila kuiona Chalinze, na ramani yangu ya njia panda zenye kibao kimoja haikuwa mti tena.

Ndivyo ilivyokuwa na kwa yule kijana wa Mombasa. Baada ya kumshika mkono, bibi alimmiminia kahawa, akamkatia kashata, akaniambia nisogee nisikie. Kwetu watoto wa ndugu huoana, na nyumba iliyotoka huku hurudi kupitia kule.

"Hiyo ni kwa baba," akamwambia. "Mama yako naye wa nani?"

Kijana akasogea kwenye jamvi, akaanza upya.